DAWA YA MSETO ILIANZIA JESHINI! Nani anakaa mbele kwenye foleni ya dawa ya malaria?



Leo naomba dakika kumi hivi za muda wako wa kafe. Najua wengine mmelipia nusu saa tu na kuna barua pepe zinasubiri, lakini hii inakuhusu wewe na kidonge ulichomeza mara ya mwisho ulipougua malaria.

Hebu kumbuka. Umepima, umeambiwa unayo, ukapewa paketi ya vidonge 24. Vinne vinne, mara mbili kwa siku, siku tatu. Nesi akakusisitizia umeze na chakula chenye mafuta kidogo au hata maziwa. Hiyo ndo ALu, wengi tunaiita dawa ya mseto.

Sasa nani aliitengeneza? Ukiuliza kijiweni utaambiwa ni Wazungu, au ni kampuni ya Uswisi, au ni msaada tu. Kumbe ile L ya kwenye ALu, yaani lumefantrini, ilitoka kwenye maabara ya jeshi la China. Na hiyo A nayo, artemetha, ni mtoto wa mradi wa siri ulioanzishwa kwa ajili ya vita vya Vietnam. Kampuni ya Uswisi ilikuja baadaye kabisa, ikaingia ubia na Wachina, ndipo dawa ikatufikia sisi.

Sijaleta hadithi ya njama hapa. Mambo haya yako wazi, yameandikwa, na aliyeongoza kazi ya kuchanganya hizo dawa mbili, mwanasayansi wa jeshi Zhou Yiqing, alipewa tuzo ya uvumbuzi ya Ulaya mwaka 2009. Ninachotaka tuelewe leo ni namna majeshi na viwanda vinavyoshirikiana kutengeneza dawa, na hiyo inatuweka sisi wapi kwenye foleni.

KWA NINI JESHI LIHANGAIKE NA DAWA?

Jibu ni jepesi. Askari akiugua, hapigani. Anakuwa mzigo, manake anahitaji kitanda, anahitaji wa kumbeba, anahitaji wa kumwuguza. Jenerali anaweza kupoteza kikosi kizima bila adui kufyatua risasi hata moja.

Ndiyo maana serikali nyingi zina utaratibu wa kutafuta dawa, chanjo na vipimo vya kuwakinga askari dhidi ya maradhi, sumu na silaha za vijidudu. Shida ni kwamba jeshi lina maabara na lina hela, lakini halina kiwanda cha kutoa vidonge milioni mia. Kampuni ya dawa inacho kiwanda, lakini haitaki kutumia hela zake kwa ugonjwa ambao wagonjwa wake hawana kitu mfukoni. Basi wanakaa mezani, kila mmoja analeta alichonacho.

Na kama unadhani mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu, hebu panda basi hadi Muheza, kisha panda milima ya Usambara mpaka Amani.

AMANI, 1914 HADI 1916

Wajerumani walikuwa na kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo pale Amani, na kati ya miti waliyoipanda ulikuwemo mkwinini, ule ambao magome yake yanatoa kwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Waingereza wakafunga bahari. Meli za dawa kutoka Ujerumani hazikufika tena. Jeshi la Lettow-Vorbeck lingekwisha kwa homa.

Kilichofanyika ni kwamba kituo cha serikali kikageuka kiwanda cha jeshi. Magome ya mkwinini ya Usambara yakatumika kutengeneza kwinini. Baadaye, walipokuwa wanakimbizwa kusini na hawana tena mitambo, wakachemsha magome tu na kunywa maji yake machungu. Askari wa Kijerumani wakayapa jina la utani, pombe ya Lettow.

Sasa angalia nani alikunywa na nani hakunywa. Pande zote mbili za vita ile zilitegemea wapagazi, watu wetu, waliobeba risasi, unga na wagonjwa kwa miguu. Kwa upande wa Waingereza peke yake, hesabu rasmi ilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini walikuwa wengi zaidi ya hapo. Wengi waliuawa na maradhi kuliko risasi. Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi zimepata majina yao kutokana na kikosi hicho cha wapagazi. Kila unapopita pale kununua simu au viatu, kumbuka jina hilo linatokana na watu waliokuwa mwisho kabisa kwenye foleni ya dawa.

Hiyo foleni ndiyo mada yangu leo. Iweke kichwani, tutairudia.

KLOROKWINI ILE ILIYOTUWASHA

Vita Kuu ya Pili, kasheshe ilikuwa ileile. Mwaka 1942 Wajapani waliteka kisiwa cha Java, ambako zaidi ya asilimia 90 ya kwinini ya dunia ilikuwa inatoka. Wamarekani na Waingereza wakabaki mikono mitupu huku majeshi yao yanapigana kwenye misitu yenye mbu kuliko majani.

Dawa iliyowaokoa kwanza ni mepakrini. Ilivumbuliwa Ujerumani, lakini viwanda vya Marekani na Uingereza vikaitengeneza kwa wingi kwa oda ya serikali. Ilikuwa chungu na ilibadilisha ngozi kuwa ya njano. Askari wakaanza kuikwepa kwa sababu ulizuka uvumi kwamba inapunguza nguvu za kiume. (Mnaona? Uvumi wa namna hii haukuanza na chanjo za leo, na haukuanzia Afrika.) Kule Burma, ambako wazee wetu wa KAR nao walipigana, Jenerali Slim aliamuru askari wapimwe damu kwa kushtukiza, na kamanda ambaye vijana wake hawamezi dawa anafukuzwa kazi. Alifukuza watatu, wengine wote wakaelewa somo.

Wakati huohuo serikali ya Marekani ilikusanya vyuo, jeshi na kampuni za dawa kwenye mradi mmoja, wakapima maelfu ya kemikali kutafuta dawa bora. Katika pitapita hiyo wakaikuta klorokwini. Wajerumani wa kampuni ya Bayer walikuwa wameitengeneza tangu 1934, wakaiweka kando wakidhani ina sumu sana. Wamarekani wakaipima upya, wakaona inafaa. Baada ya vita ikasambaa dunia nzima.

Wale tuliokula klorokwini utotoni hatuhitaji kukumbushwa. Unameza jioni, usiku unajikuna mpaka unataka kutoka nje ya ngozi yako. Muwasho ule unawapata sana Waafrika. Hata hivyo iliokoa watoto wengi mno, kwa bei ya karibu na bure, mpaka vimelea vilipoizoea. Usugu ulionekana Asia na Amerika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1950, ukafika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Kenya iliiacha mwaka 1998, Tanzania Bara mwaka 2001, tukaingia kwenye SP, ile mliyoijua kwa majina ya Fansidar na Metakelfin.

Muda umeuona lakini? Kuanzia usugu kufika kwetu mpaka nchi kubadili dawa ni kama miaka 20. Kwa nini hapakuwa na dawa mpya tayari? Zilikuwepo. Ila hazikutengenezwa kwa ajili yetu.

VIETNAM: MAJESHI MAWILI, MBU MMOJA

Miaka ya 1960 askari wa Marekani kule Vietnam walipata malaria isiyosikia klorokwini. Mwaka 1963 taasisi ya utafiti ya jeshi lao, Walter Reed, ikaanza mradi mpya. Walipima kemikali zaidi ya 250,000. Fikiria kazi hiyo! Iliyoibuka kidedea ilipewa namba WR 142490. Leo inaitwa meflokwini.

Jeshi halikuwa na kiwanda, likaingia ubia na kampuni ya Uswisi ya Hoffmann-La Roche. Jeshi lilileta kemikali na matokeo ya majaribio, kampuni ikaleta kiwanda na soko. Marekani iliipa idhini mwaka 1989 kwa jina la Lariam. Kidonge kimoja kwa wiki, jambo linalomfaa sana askari aliyeko porini.

Lakini ikawa na makali yake. Baadhi ya watumiaji walipata ndoto za kutisha, wasiwasi mkubwa, kizunguzungu. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliipa onyo kali kuliko yote, ikisema kizunguzungu na matatizo ya masikio yanaweza kubaki moja kwa moja. Mtalii angeweza kukataa kidonge. Askari aliyeamriwa kumeza alikuwa na nafasi ndogo ya kukataa. Kwa hiyo tusidhani kukaa mbele kwenye foleni ni neema tupu. Wa mbele anapata dawa mapema, na anapata madhara yasiyojulikana mapema vilevile.

Upande wa pili wa vita hiyohiyo, askari wa Vietnam Kaskazini nao walikuwa wanakwisha. Ho Chi Minh akaomba msaada China. Tarehe 23 Mei 1967 ukafanyika mkutano, na mradi ukaitwa 523 kutokana na tarehe hiyo, mwezi wa tano siku ya 23. Ulikuwa mradi wa kijeshi wa siri, wenye wanasayansi mamia kutoka taasisi nyingi. Mmoja wao, mama Tu Youyou, alisoma vitabu vya kale vya tiba za Kichina na mwaka 1971 akapata njia ya kukamua dawa kutoka kwenye mmea wa artemisia bila kuiunguza kwa moto. Hiyo ndiyo artemisinini. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Ndani ya jeshi la China, kundi lingine likatengeneza lumefantrini, na Zhou Yiqing na wenzake wakaichanganya na artemetha. Hoja yao ilikuwa hivi: artemetha inaua vimelea haraka lakini inaisha mwilini haraka, lumefantrini inabaki siku kadhaa kumalizia waliobaki. Kimelea kikimkwepa wa kwanza kinakutana na wa pili.

Miaka ya 1990 wakaingia ubia na kampuni ya Uswisi ya Ciba-Geigy, ambayo baadaye iliungana na nyingine ikawa Novartis. Mwaka 2001 Novartis ikasaini na Shirika la Afya Duniani kuuza dawa hiyo bila faida kwa nchi zenye malaria. Wakulima wa Tanzania, Kenya na Uganda wakalima artemisia miaka ya 2000. Mwishoni mwa 2006 Tanzania Bara ikaanza kuitumia kama dawa ya kwanza, Kenya nayo mwaka huohuo.

Kutoka mkutano wa 1967 mpaka paketi kufika zahanati ya kijijini kwenu: karibu miaka 40.

SASA UBIA UNAENDAJE?

Tuache historia kidogo, tuangalie mashine yenyewe.

Kutengeneza dawa ni kama kuvuka mto mpana wenye mamba. Ng'ambo hii kuna wazo la maabara, ng'ambo ile kuna kidonge dukani. Katikati kuna majaribio kwa wanyama, halafu kwa watu wachache wazima, halafu kwa mamia, halafu kwa maelfu, kisha idhini ya mamlaka ya dawa, kisha kiwanda. Kemikali nyingi zinaliwa na mamba hapo katikati. Na kila hatua ni mamilioni ya dola.

Serikali inaweza kuisaidia kampuni kwa njia mbili. Ya kwanza ni KUSUKUMA: inalipia utafiti, inatoa maabara zake, inatoa madaktari na watu wa kujitolea kwenye majaribio. Ya pili ni KUVUTA: inaahidi mapema kwamba dawa ikifanikiwa itanunua kiasi fulani, kwa bei fulani. Kampuni ikiona mnunuzi ameshakaa ng'ambo na hela mkononi, inaingia majini.

Mfano mkubwa wa kuvuta ni huu. Mwaka 2001 kuna mtu alituma barua zenye vijidudu vya kimeta huko Marekani. Watu 22 waliugua, 5 wakafa. Mwaka 2004 ikapitishwa sheria ya Project BioShield, ikatenga dola bilioni 5.6 kwa miaka 10 kununua dawa na chanjo dhidi ya silaha za namna hiyo. Mwaka huohuo kampuni ndogo iitwayo VaxGen ikapewa mkataba wa dola milioni 877.5 kwa dozi milioni 75 za chanjo ya kimeta. Ikashindwa kufikia masharti, Desemba 2006 mkataba ukavunjwa. Mwezi huohuo wakaunda wakala maalum, BARDA, wa kuzisaidia kampuni katikati ya mto badala ya kusubiri tu ng'ambo. Walijifunza kwamba kuvuta bila kusukuma kunaweza kumzamisha mwogeleaji.

Sasa weka namba mbili pamoja. Watu 5, dola bilioni 5.6. Malaria iliua watu 597,000 mwaka 2023 kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wengi wao watoto wa Afrika wenye umri chini ya miaka mitano. Siwalaumu Wamarekani, ni hela yao na hofu yao. Nasema tu kwamba hela ya dawa inafuata hofu ya mwenye hela. Haifuati idadi ya makaburi.

CHANJO ILIYOKATALIWA NA ASKARI, IKAPEWA WATOTO

Hapa ndo pananigusa zaidi. Miaka ya 1980 jeshi la Marekani, kupitia hiyohiyo Walter Reed, liliungana na kampuni ambayo leo ni GSK kutafuta chanjo ya malaria. Ikapatikana RTS,S. Kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 1997, watu 7 wa kujitolea walichanjwa kisha wakaumwa kwa makusudi na mbu wenye malaria, 6 wakabaki salama. Shangwe!

Lakini kinga ikaonekana inapungua haraka. Na hapa mahitaji yakaachana njia. Askari anayetumwa miezi sita anataka kinga karibu kamili, kwa sababu hajawahi kuugua malaria na mwili wake haujui lolote. Chanjo ya nusunusu haimtoshi, bora ameze kidonge. Mtoto wa Siaya au Korogwe yeye anaishi hapo mwaka mzima na mbu wake. Ukimpunguzia hata theluthi ya homa zake, umemwokoa.

Jeshi lingekuwa mnunuzi pekee, RTS,S ingeishia kabatini. Iliponea kwa sababu wafadhili wa kiraia, wakiwemo shirika la PATH kwa hela za Bill Gates na mkewe wa wakati huo, walichukua nafasi ya mnunuzi tangu 2001. Jaribio kubwa la 2009 hadi 2014 lilihusisha watoto 15,459 katika nchi saba. Kwa upande wetu walikuwepo watoto wa Bagamoyo, Korogwe, Kilifi, Siaya na Kombewa. Hapo Kombewa, karibu na Kisumu, kituo kinaendeshwa na KEMRI pamoja na watu wa Walter Reed, manake jeshi hilo lina maabara Kenya tangu 1969.

Kwa waliopata dozi zote nne, chanjo ilizuia takriban homa 4 kati ya 10 kwa muda wa miaka minne. Kenya ilianza kuitoa Septemba 2019 kule Homa Bay, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wa Afrika. Kuanzia maabara ya jeshi miaka ya 1980 hadi hapo, zaidi ya miaka 30.

Najua kuna mdau ataandika hapo chini kwamba tunafanywa panya wa majaribio. Swali ni halali, kulingana na mambo yaliyowahi kutendeka dunia hii. Ila jiulize upande wa pili pia. Bila jaribio kufanyika kwa watoto wetu, tungejuaje kama inawafaa watoto wetu? Dawa iliyopimwa kwa askari mwenye kilo 80 haikuambii kitu kuhusu mtoto wa kilo 8. La kudai ni kwamba mzazi aelezwe kwa lugha anayoielewa, aweze kukataa bila kutishwa, na kijiji kilichojitolea kisiwe cha mwisho kupata dawa ikifanikiwa.

TURUDI KWENYE FOLENI

Angalia ALu tena. Wachina waliifanyia kazi kwa ajili ya askari tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Watu wazima huku waliipata miaka ya 2000. Kidonge cha watoto kinachoyeyuka kwenye maji, chenye ladha tamu, kilitoka mwaka 2009. Kabla ya hapo akina mama walikuwa wanasaga vidonge vichungu na kijiko, mtoto anatapika nusu. Na dawa ya watoto wachanga kabisa, wenye uzito chini ya kilo 5, ilipata idhini Uswisi Julai 2025.

Julai 2025, wadau. Askari, halafu mtu mzima, halafu mtoto, halafu kichanga. Ukitaka kupanga kwa kuangalia nani anakufa sana, ungeigeuza hiyo foleni juu chini.

Sidhani kuna mtu alikaa akapanga ubaya huo. Kila aliyelipa alilipia wa kwake. Jeshi lililipia askari, na ni haki yake. Tatizo ni kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyelipa kwa ajili ya kichanga.

HALAFU KUNA HILI

ALu yenyewe imeanza kuguswa. Vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini vimeonekana Rwanda, Uganda na hapa kwetu Kagera. Dawa bado inatibu, kwa hiyo usije ukaacha dozi yako kwa sababu umesoma hapa! Malizia vidonge vyote 24. Lakini tumeshaiona sinema hii na klorokwini, tunajua inavyoisha.

Safari hii kuna tofauti. Tangu 1999 lipo shirika lisilo la faida, MMV la Geneva, ambalo linafanya ile kazi ya kusukuma bila kuwa na jeshi nyuma yake. Novemba 2025 MMV na Novartis walitangaza matokeo mazuri ya dawa mpya inayochanganya ganaplasidi na lumefantrini, iliyopimwa kwa wagonjwa zaidi ya 1,600, watoto kwa watu wazima, katika nchi 12 za Afrika. Ndiyo, lumefantrini ileile ya jeshi la China bado ipo kazini. Na Kenya, kiwanda cha Universal Corporation pale Kikuyu mwaka 2022 kilipata kibali cha ubora cha Shirika la Afya Duniani kwa SP ya wajawazito, cha kwanza Afrika kwa dawa hiyo, kikisaidiwa na MMV na Unitaid. Kwa hiyo ubia wa serikali, wafadhili na kiwanda unaweza kufanyika bila vita na unaweza kufanyika jirani kabisa.

Lakini hela hizo nyingi bado ni za watu wengine. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, na kazi nyingi za malaria zikayumba. Aliyelipa anaweza kuamka asubuhi akabadili mawazo.

Kwa hiyo mimi naona hivi. Hatuna uwezo wa kupima kemikali 250,000 kesho asubuhi. Kuvuta, hilo tunaweza kuanza nalo. Nchi za Afrika Mashariki zikisema kwa sauti moja kwamba tutanunua dozi kadhaa za dawa ya watoto, kutoka kiwanda kitakachokidhi ubora, kwa miaka kadhaa, na hela imo kwenye bajeti, kampuni zitasikiliza. Zinamsikiliza mnunuzi yeyote mwenye hela mkononi, awe jenerali au waziri wa afya. Wakuu wa Afrika waliahidi pale Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi hiyo nchi nyingi bado hazijaitimiza. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize hapo, usimuulize fulana.

Wapagazi wa Kariakoo hawakuwa na wa kuwalipia. Kichanga kinachochemka usiku huu kule Kagera naye anahitaji mtu wa kumlipia, na kwa maoni yangu huyo mtu ni mimi na wewe, kupitia kodi zetu.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wenye ndugu waliokuwa kwenye majaribio ya Korogwe, Bagamoyo au Kombewa, tuambieni mlielezwaje na mlionaje. Wauguzi na wafamasia, nisahihisheni nilipokosea. Matusi hapana, hoja ndiyo.